Jozani, Arabuko-Sokoke, Udzungwa au Semuliki: msitu upi kwa anayetaka kumwona paa?

Kila nikimaliza kusimulia habari za paa, swali linalofuata ni lile lile: "Basi niende wapi nikamwone?" Anayeuliza huwa na siku mbili tatu za likizo, nauli ya kwenda mahali pamoja tu, na majina manne kichwani: Jozani ya Unguja, Arabuko-Sokoke ya Kilifi, Udzungwa ya Morogoro na Iringa, na Semuliki ya magharibi mwa Uganda. Misitu yote minne ina wanyama wadogo wenye kwato wanaoishi chini ya vichaka na kutoweka kabla hujageuza shingo. Lakini si wanyama wale wale, wala safari zake hazifanani. Nimeona watu wakirudi wamenuna kutoka msitu mzuri kabisa, kwa kuwa walikwenda kutafuta kitu ambacho msitu ule hautoi kwa saa moja ya mchana.

Nimeilinganisha kwa mambo matano: mnyama gani hasa yumo, uwezekano wa kumwona kwa macho yako, njia, miguu na msimu, pesa na karatasi, na kile utakachorudi nacho iwapo paa hakutokea. Hilo la tano watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloamua kama safari ilikuwa ya heri.

Mnyama mwenyewe

Neno "paa" limebebeshwa wanyama wengi, kwa hiyo tuwatenganishe kwanza.

Pwani, ukisema paa tu, mara nyingi unamkusudia yule ambaye waongozaji humwita suni. Ana kilo 4 hadi 6, na mgongo wake haufiki goti la mtu mzima. Dume ana pembe fupi zilizolala kwenda nyuma, jike hana. Mbele ya jicho ana tezi yenye harufu ya miski, na dume huipaka kwenye ncha za vijiti kutangaza mipaka ya kwake. Huyu yumo Jozani, yumo Arabuko-Sokoke, na yumo Udzungwa.

Jozani ina pia paa nunga, na huyu ndiye fahari ya Unguja. Ni mzito kidogo kuliko suni, rangi ya hudhurungi nyekundu, mwenye ukanda mweupe unaokatisha matakoni na vidoadoa vyeupe miguuni kana kwamba amerushiwa chokaa. Wanasayansi walimwandika mwaka 1918 na kumpa jina la Aders, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Zanzibar, lakini wasasi wa Unguja walikuwa wakimjua vizazi na vizazi kabla ya hapo. Duniani kote hayupo ila Unguja na misitu ya pwani ya Kenya. Arabuko-Sokoke ina wachache waliobaki, pamoja na suni, funo na chesi.

Udzungwa hakuna nunga. Kuna funo, mwekundu mwenye uso uliochanganyika weusi; kuna chesi, ambaye wengine humwita ndimba, mdogo wa rangi ya majivu; na juu milimani kuna minde. Huyo minde si mdogo hata kidogo, hupita kilo 50, ila kwa kujificha anawashinda wote, na hapatikani nje ya Tanzania.

Sasa Semuliki. Hapa ndipo penye mnyama ambaye hana mwenzake Afrika nzima, na nitamwita paa-maji, ingawa kwa nasaba si paa. Suni, nunga, funo na chesi wote ni wa ukoo mmoja na mbuzi na ng'ombe. Paa-maji ni wa ukoo mwingine, wa zamani zaidi. Hana pembe, awe dume au jike. Badala yake dume ana chonge mbili za juu zinazochomoza mdomoni. Anacheua, lakini tumbo lake lina vyumba vitatu vilivyokamilika, cha nne ni kama alama tu, wakati ng'ombe ana vinne kamili. Mgongo umejikunja, kichwa kiko chini, ubavuni ana mistari na madoa meupe yaliyopangika. Uzito wake ni kati ya kilo 7 na 16, na kwa kawaida jike humzidi dume. Akifukuzwa hujitosa mtoni na kuzama. Huogelea vizuri ila huchoka upesi, kwa hiyo kwake mto ni wa kujifichia, si wa safari ndefu.

Ndugu zake wote walio hai wako Asia, kuanzia India na Sri Lanka hadi Vietnam, Java na Borneo. Huko wamo wenye kilo 2 tu, wadogo kuliko wanyama wengine wote wenye kwato, na katika hadithi za Wamalay mnyama huyo, kancil, ndiye mjanja anayewashinda mamba na chui, cheo ambacho kwetu anacho sungura. Zamani ukoo huu ulikuwa wetu pia: mifupa ya jamaa zake imechimbuliwa kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, katika tabaka za miaka karibu milioni 18 iliyopita. Mstari huo wote Afrika umebaki na mnyama mmoja, na makazi yake yanaanzia Sierra Leone na kuishia Semuliki. Nikifikiri hivyo, huwa naona umuhimu wa kile kipande cha msitu kuliko ramani inavyoonyesha.

Uwezekano wa kumwona

Hapa nitasema wazi, maana matangazo ya safari hayasemi.

Kwa suni, Arabuko-Sokoke ndiko nimepata bahati zaidi. Asubuhi moja tuliingia kwa upande wa Gede kabla jua halijapanda juu ya miti. Mwongozaji, kijana wa Kigiriama, alitangulia bila kusema neno. Akasimama, akaonyesha chini kwa kidole: punje nyeusi zinazong'aa, ndogo kama mbegu za papai, zimerundikana mahali pamoja. Suni hurudi choo kile kile, kwa hiyo penye rundo bichi mwenyewe hayuko mbali. Tulikaa kimya labda robo saa. Kisha jani likawa sikio. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu, muda wote ule, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, pua inatetemeka, na kamkia kake kakipepea kushoto na kulia bila kupumzika. Nilipovuta pumzi tu, hayupo.

Kumbuka huo mkia, utakusaidia kila msitu. Suni huupepea kwenda pembeni. Chesi huuchezesha juu na chini, na weupe wake humeta kama mtu anayewasha na kuzima tochi. Gizani mwa msitu huo mkia utauona kabla hujauona mwili.

Nunga wa Arabuko-Sokoke, usimwekee matumaini. Ni wachache mno. Kaskazini zaidi, katika misitu ya Boni na Dodori, kamera za kutegwa ziliwanasa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na ugunduzi huo ndio uliofanya hali ya nunga duniani isihesabiwe tena kuwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka. Lakini huko si pa kwenda kutalii, kwa sababu za usalama.

Jozani, basi, ndiyo njia ya kawaida ya kumtafuta nunga, na bado inahitaji subira. Kisiwani walipungua vibaya kwa kusakwa na mbwa na nyavu na kwa kukatwa vichaka. Hesabu ya mwaka 1999 iliwakadiria kama 600 tu. Tena hawapendi ule msitu mrefu wa karibu na lango ambako wageni wengi huzungushwa. Nunga hupenda vichaka vya maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, upande mwingine kabisa. Ukifika saa nne asubuhi na kundi la watu kumi na wanne, hutamwona. Ukipanga siku moja kabla na mwongozaji mmoja, ukaomba kuanza mapema na kupelekwa upande wa vichaka, una nafasi ya kweli. Ukikosa Jozani, msitu wa Kiwengwa-Pongwe nao unao.

Kuna ujanja mmoja wa Jozani unaofaa pia Udzungwa: watafute kima kwanza. Kima wakila juu hudondosha maua, matunda na majani, na paa huja chini yao kuokota. Watu wote huinua simu juu kupiga picha. Wewe tazama chini.

Udzungwa ina mseto mzuri kuliko yote. Ukitembea siku mbili njia tofauti, kumwona chesi au funo akikatisha njia ni jambo la kutarajiwa, ingawa itakuwa kufumba na kufumbua. Minde ni habari nyingine: picha yake ya kwanza porini ilipatikana mwaka 2003 tu, nayo ilipigwa na kamera ya kutegwa humo humo Udzungwa. Mnyama wa kilo 50 aliyekaa bila kupigwa picha porini hadi karne hii! Usiende kwa ajili yake.

Semuliki ndiyo yenye nafasi finyu kuliko zote. Paa-maji hutembea usiku. Mchana hulala katika kichaka kilichosongamana, na mara chache huenda zaidi ya mita 250 kutoka majini. Matembezi ya mchana yatakuonyesha nyayo ndogo zilizochongoka kwenye tope la ukingo, na askari wa hifadhi atakuambia ni zake au si zake. Ukitaka kumwona mwenyewe, lazima ulale ndani ya msitu na uulize mapema ofisi ya hifadhi kama matembezi ya usiku yanawezekana kipindi hicho. Hata ndugu zake wa Asia hawaonekani kirahisi: mmoja wao wa Vietnam alipotangazwa mwaka 2019 kuwa bado yupo, baada ya karibu miaka 30 bila uthibitisho, kamera za kutegwa ndizo zilizotoa ushahidi.

Njia, miguu na msimu

Jozani ni rahisi kupita kiasi: kilomita 35 hivi kutoka mjini Unguja, daladala za kusini hupita karibu na lango, ardhi tambarare. Mzee au mtoto wa miaka sita ataweza. Shida iko maweni tu, ambako mawe ni makali na kandambili hazifai.

Arabuko-Sokoke iko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Matatu itakushusha Gede. Ni tambarare pia, ila ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 400, na njia za gari zenye udongo mwekundu huteleza vibaya wakati wa masika. Kwa miguu huna haja ya kwenda mbali.

Udzungwa haiingiliki kwa gari. Ni miguu mwanzo hadi mwisho. Unashukia Mang'ula, kilomita 60 hivi kutoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, au kwa treni ya TAZARA ukiwa na muda. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, ni kupanda kwa jasho lakini ni kwa siku moja. Kilele cha Mwanihana, kilicho juu ya mita 2,000, ni cha mwenye magoti mazuri na siku zaidi ya moja. Askari mwenye bunduki hufuatana nawe kwa kuwa kuna tembo.

Semuliki ni mbali kwa wengi wetu: Kampala hadi Fort Portal ni kama kilomita 300, halafu unateremka milima kama kilomita 50 hadi Sempaya, penye chemchemi za moto za hifadhi. Njia ya Kirumia, inayokwenda hadi mto Semliki mpakani na Kongo, ndiyo njia ya kupiga kambi, na ina tope. Sehemu za msitu hufurika mvua zikizidi.

Kuhusu msimu, ushauri wa kawaida ni kwenda kiangazi, na kwa Udzungwa (Juni hadi Oktoba) na Semuliki nakubali kabisa. Semuliki uikwepe miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Lakini kwa Jozani na Arabuko-Sokoke nina maoni yangu. Kiangazi kikali, majani makavu hulia chini ya kiatu kama bisi, na paa anakusikia toka mbali. Nenda siku moja au mbili baada ya manyunyu. Ardhi inakuwa kimya, na wewe pia.

Pesa na karatasi

Bei hubadilika kila mwaka wa fedha, kwa hiyo siandiki tarakimu. Uliza ofisi za hifadhi zenyewe. Kinachobaki vile vile ni hiki: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo, mradi awe na kitambulisho mkononi, siyo picha yake kwenye simu. Udzungwa na Semuliki kiingilio ni cha saa 24, kwa hiyo ukiingia jioni na kutoka asubuhi umelipa mara moja. Juu yake ongeza mwongozaji au askari.

Kwa jumla Jozani na Arabuko-Sokoke ndizo nafuu kwa aliyeko pwani. Udzungwa gharama yake kubwa ni nauli na usiku wa kulala. Semuliki ni ghali kwa sababu ya umbali na kambi. Mkenya na Mnyarwanda huvuka kuingia Uganda kwa kitambulisho. Mtanzania achukue pasipoti au hati ya dharura. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike, iwe unaingia Uganda au unatoka huko kwenda Zanzibar.

Na tafadhali, mlipe mwongozaji wa kijiji vizuri. Katika misitu yote minne kuna tanzi za waya, na kijana anayepata riziki kwa kuonyesha paa hai ana sababu ya kuzing'oa.

Kama paa hakutokea

Jozani utawaona kima punju, wekundu wa Unguja, kwa uhakika wa karibu kila siku, na utatembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Arabuko-Sokoke ina sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama wa pua ndefu asiyekuwa na kwato lakini mwenye haya kama paa, na ndege ambao watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuwatafuta; magofu ya Gede yako jirani. Udzungwa ina maporomoko ya Sanje, mbega wekundu wa huko, na mangabe wa Sanje, kima ambaye sayansi haikumjua hadi mwaka 1979. Semuliki ina chemchemi za moto za Sempaya, ambako yai huiva mbele ya macho yako, na ndege wa msitu wa Kongo ambao huwapati kwingine Afrika Mashariki.

Nani aende wapi

Una watoto, au mzazi mwenye umri, na siku moja tu: Jozani. Waahidi punju, usiwaahidi nunga. Akitokea, itakuwa zawadi.

Uko Mombasa, Kilifi au Malindi na unachotaka ni kumtazama paa, yeyote, akiwa hai mbele yako: Arabuko-Sokoke, alfajiri, kwa miguu, watu wasiozidi watatu. Lala Gede au Watamu usiku uliotangulia, maana ukitoka Mombasa asubuhi utafika jua limekwisha kuwaka.

Unamtaka nunga na si mwingine: Unguja, asubuhi mbili mfululizo badala ya moja, upande wa vichaka. Siku ya kwanza hutumika kujifunza kunyamaza.

Wewe ni mtu wa milima, una siku tatu nne, na hungependa safari itegemee mnyama mmoja: Udzungwa. Hapa hata aliyekosa paa wote hulala amechoka vizuri.

Unasoma mambo ya wanyama, au moyo wako umeshikwa na yule asiye na pembe anayejitosa mtoni: Semuliki, si chini ya usiku mbili ndani ya msitu, miezi mikavu. Jamaa wa Bunia, Beni na Kisangani, kwenu paa-maji ni mnyama wa nyumbani. Hifadhi ya Okapi, kule Epulu, anayo. Kwa hali ya usalama ya Ituri siwezi kumshauri mgeni aende huko kutembea, ndiyo maana haimo katika ulinganisho huu.

Na kama bado umekwama kati ya miwili, jiulize unaweza kukaa chini kimya kwa muda gani. Dakika kumi, chagua Jozani au Udzungwa, ambako macho yatapata kazi nyingine. Nusu saa, Arabuko-Sokoke. Ukiweza kukaa gizani kando ya maji hadi mbu wachoke kabla yako, piga simu ofisi ya Semuliki wiki mbili kabla, uulize mto umefika wapi.